Intavyu za kampuni za teknolojia hapa Nairobi, tupeane uzoefu

Wadau habari zenu. Mdogo wangu amemaliza chuo cha JKUAT na ameanza kuzunguka Kilimani na Westlands kutafuta kazi ya kuandika programu, sasa kila jioni ananiuliza maswali na mimi majibu yangu ni ya kale, niliingia hii kazi enzi zile iHub, kile kituo cha watu wa teknolojia, iko jengo la Bishop Magua pale Ngong Road, unakaa na mwenye kampuni mnapiga stori, akikupenda Jumatatu unaanza. Nasikia siku hizi ni raundi juu ya raundi. Waliopitia semeni, ila majina ya kampuni wekeni mfukoni tusipelekane kortini.

wa_rongai
Wacha nianze. HR, yule wa kuajiri, anakupigia simu, hata hajajua unafanya nini anataka kujua unalipwa ngapi huko uliko. Halafu mtihani wa mtandaoni, saa inahesabu. Halafu sasa "kazi ndogo ya nyumbani", utengeneze ukurasa wa malipo, mteja anaweka namba, M-Pesa inamuuliza PIN, akilipa risiti inaingia. Ndogo wapi! Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, haiwezi kukuletea majibu ya malipo kama huna anwani ya mtandao ya HTTPS inayofikika kutoka nje, na laptopu yangu iko kwa nyumba ya kupanga, ikabidi niombe beshte anipe nafasi kwa seva yake. Nikatuma, kimya. Baadaye sana nanunua kitu kwa tovuti yao, nalipa, naona "Pesa imeingia mkubwa, kunywa chai." Hayo maneno niliyaandika mimi!!

mama_QA
Pole ndugu yangu 😂 mimi siku hizi nauliza kabisa hii kazi itaenda wapi nikimaliza, na kama ni ya siku mbili tatu nauliza wanalipa. Wengine hukasirika, sawa tu. Intavyu yangu ilikuwa wanaume pekee mezani, mmoja akaniuliza nikija kazini mtoto nitamwachia nani. Nikamuuliza, na wewe wako umemwachia nani? Akaangalia karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kubagua mtu kwa jinsia ama mimba hata wakati wa kuajiri, lakini nani anaisoma.

msee_wa_usiku
Mimi niko na kampuni ya Marekani, wako San Francisco. Wakianza saa tatu asubuhi huku ni saa moja jioni, na majira yao yakibadilika inakuwa saa mbili usiku, kwa hivyo mkutano wa kila siku unanipata na ugali mkononi. Intavyu yenyewe stima ilipotea katikati nikaimalizia kwa simu, wakanichukua, sijui waliona nini.

mama_QA
Na dogo akipewa ofa asome kipengele cha probesheni, ule muda wa majaribio. Ni miezi sita mwisho, wakitaka kuongeza lazima akubali mwenyewe, na ikiongezwa yote isipite mwaka. Kuna mahali wanakuzungusha tu na "sisi ni familia" huku NSSF, ile akiba ya uzeeni, hawajakuingiza.

Mwenye mada
Asanteni sana. Ana intavyu Alhamisi Upper Hill, anauliza avae suti?

wa_rongai
Shati yenye kola inatosha. Suti watadhani ni KRA, watu wa ushuru.