Naomba ushauri: watoto ninaowasomesha nyumbani wamealikwa kuelezea bustani yao ya asumini

MamaWete: Asalaam alaykum. Nina watoto wawili, wa kiume ana miaka 11 na wa kike 8, ambao nawasomesha nyumbani. Uani tumepanda miasumini kwa vipandikizi, na kila asubuhi, kabla ya masomo, watoto huchuma maua na kuandika daftarini waliyoyaona. Majirani wamevutiwa, na Jumamosi hii wameombwa wawaeleze watoto wenzao namna wanavyoitunza bustani. Tangu nikubali sipati usingizi. Je, niwaache wazungumze, au nitoe udhuru?

MkulimaOle: Waalaykumu salaam, dada. Asumini inataka jua, samadi iliyooza na udongo usiotuamisha maji. Wasisahau kueleza kupogoa, kwa sababu maua hutoka kwenye machipukizi mapya, na mti usiokatwa hurefuka ukabaki majani matupu.

BintiMkoani: Umenikumbusha marehemu bibi yangu, aliyekuwa akifunga vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia, vya maharusi. Alitandaza kitambaa kibichi juu ya ungo, akapanga asumini, mrehani na mkadi, na hakuna mtoto aliyegusa kabla ya kunawa mikono. Siku hizi maharusi wengi wanapambwa kwa maua ya plastiki, jambo linalonihuzunisha sana. Waache wazungumze, tena wafundishe na vikuba.

MwalimuMstaafu: Dada yangu, samadi haimkoseshi mtu usingizi. Nani amewaalika, na watoto wameandikishwa skuli gani?

MamaWete: Aliyewaalika ni sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani kwetu, na mazungumzo yatakuwa barazani kwake. Watoto hawajaandikishwa popote, naye anadhani wanasoma mkondo wa mchana. Mwanangu ana kigugumizi, na skuli aliyokuwapo wenzake walimwigiza mpaka akaacha kusema kabisa, ndipo nilipomtoa yeye na mdogo wake. Leo anamweleza kila anayebisha hodi namna ya kulijua tumba lililo tayari, na anayemsikiliza humngoja amalize. Majirani nimeshawaambia na nguo za watoto nimeshashona. Sioni vipi nitaghairi.

UstadhMicheweni: Mama, mtoto ni amana, na kumkinga na dhihaka ni wajibu wako. Lakini kumwacha sheha na dhana isiyo ya kweli, kisha ukakaa barazani kwake, si haki yake wala si malezi mema kwa watoto watakaokutazama.

KijanaKonde: Mimi nina shaka na kisa chote. Asumini haichumwi asubuhi. Tumba huchumwa alasiri likiwa limefumba, likatungwa, likachanua usiku. Mwenye miasumini uani angelijua hilo, kwa hiyo nahisi haya yametungwa ili tubishane juu ya skuli.

BintiMkoani: Hata mimi nimeshtuka, kwa sababu bibi alikuwa akichuma baada ya sala ya alasiri.

MamaWete: Maua ya asubuhi ni ya mlangilangi ulio nyuma ya jiko, ambayo huchumwa mapema yakishageuka njano, na mti wenyewe tunaukata kileleni ili watoto waufikie. Asumini ni kazi ya alasiri. Juzi mwanangu ameandika: "Mvua. Matumba yamefumba mpaka isha."

KijanaKonde: Nimekuelewa, dada, na shaka nimeiondoa.

MwalimuMstaafu: Basi mweleze sheha kabla ya Jumamosi, mwenyewe, asije akasikia kwa wengine. Elimu ya msingi Zanzibar ni ya lazima kisheria, na mwanao anakaribia umri wa mtihani wa darasa la sita. Chukua daftari hilo uende afisi ya elimu ya wilaya, uulizie kitengo cha elimu mjumuisho cha Wizara, kwa kuwa mtoto mwenye kigugumizi ana haki ya kusoma kwa utaratibu unaomfaa.

MamaWete: Kwa sheha nitakwenda kesho. Kumrudisha skuli bado sijakubali, kwani nyinyi hamkumwona aliporudi nyumbani akiwa kimya wiki nzima, ila kitengo hicho nitakiulizia. Jumamosi watazungumza. MkulimaOle, tunataka kuwagaia wageni vipandikizi. Tuviandae vipi?

MkulimaOle: Kateni tawi lisilo changa sana, chini kidogo ya kifundo. Acheni majani mawili ya juu, myakate nusu, na waambieni wageni waviweke kivulini, udongo usikauke, mpaka vitoe mizizi.