Muda wa majaribio wa dereva mpya nimeumaliza bila kosa hata moja, leseni kamili nanyimwa kwa sababu kadi YAO ilichelewa kutoka

Wakuu, nimetoka dirisha la ofisi ya leseni sasa hivi na hasira zangu, mtanivumilia.

Nilipofaulu mtihani wa barabarani nilipewa karatasi yenye muhuri, nikaambiwa nenda kaendeshe, kadi ya leseni inachapishwa. Kadi ikachukua miezi. Miezi yote hiyo niko barabarani, kibandiko cha P cha dereva wa majaribio mbele na nyuma, pombe sionji, mwendo ule ule wa kupigiwa honi na kila mtu. Askari wakinisimamisha wanaisoma ile karatasi, wananirudishia, safari njema.

Leo muda umetimia, naenda kuomba leseni kamili. Dada anabofya, anabofya, kisha ananigeuzia skrini nione mwenyewe: mfumo umeanza kuhesabu kuanzia tarehe iliyochapwa kwenye kadi, siyo siku niliyofaulu. "Bado hujafikisha, rudi muda wako ukifika." Nikatoa ile karatasi, mikunjo imeshaanza kuchanika, ila muhuri na tarehe vinasomeka vizuri tu. Akaisukuma kwa kalamu kurudi upande wangu. Eti hiyo siyo leseni.

Haya, niulize. Ningefanya kosa kipindi kile, pointi za makosa zisingeandikwa? Zingeandikwa, tena siku hiyo hiyo! Kwenye kuniadhibu karatasi ni leseni, kwenye kunihesabia siku zangu ni takataka. Uchelewaji ni wa kwao, kifungo nakitumikia mimi.

Na msiniambie ndivyo ilivyo kila mahali. Uingereza miaka 2 ya dereva mpya inahesabiwa tangu siku aliyofaulu mtihani, kadi ije lini haihusu. Ukifikisha pointi 6 za makosa ndani ya miaka hiyo leseni inafutwa, unarudi kuwa mwanafunzi na mitihani yote miwili, wa nadharia na wa barabarani, unaifanya upya. Kali, lakini unajua saa ilianza lini na inaisha lini. Ujerumani nako ni miaka 2, na ukivurunda vibaya wanakuongezea mingine 2. Ukiwa msafi, muda unakwisha wenyewe, hakuna dirisha la kwenda kuomba. Ufaransa pointi ni akiba, ukikosea unakatwa: unaanza na 6, na kwa kawaida kila mwaka usio na kosa unaongezewa 2 mpaka unafika 12 baada ya miaka 3. Hapo dereva akitulia anaona kabisa faida ya kutulia.

Mimi faida yangu ni ipi? Bima inaendelea kunihesabu dereva wa hatari. Kazi ya udereva niliyoiona wanataka leseni kamili, na tangazo halinisubiri. Kibandiko cha P jua limekichoma, herufi haijulikani kama ni P au ni doa, na itabidi ninunue kingine nikae nacho miezi ambayo nilishaimaliza.

Najua kuna watakaokuja hapa na "mkuu subiri tu, ni miezi michache". Hao ndio wanatufikisha huku. Sipingi majaribio yenyewe. Dereva mpya ni hatari kweli, hasa usiku, na hasa gari likijaa vijana wenzake, kila mmoja anamwambia kanyaga. Kumwekea masharti mwanzoni ni sawa kabisa. Ila masharti nimeyashika yote, ushahidi wanao wenyewe kwenye mfumo wao, rekodi nyeupe. Kinachonizuia ni mashine ya kuchapa kadi!

Nimeomba kuonana na mkubwa wao, nikaambiwa yuko kikaoni. Nikaomba basi hilo jibu la "bado hujafikisha" waniandikie na kifungu cha sheria wanachokitumia. Hapo ndipo dada alipoacha kubofya, akaangaliana na mwenzake, akasema hawaandikagi. Kwa nini hamuandiki kama mna uhakika?

Sasa naandika barua mwenyewe, naambatanisha nakala ya karatasi ya kufaulu na nakala ya kadi, na sitoki pale mpaka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwenye kujua kifungu kinachosema muda unaanza lini akiweke hapa. Na kama kuna aliyewahi kurekebishiwa tarehe kwenye mfumo, aseme alipitia kwa nani na alibeba nini, maana nikirudi pale sitaki kusikia kuna fotokopi imepungua.