Bango la duka: STATIONERY au STATIONARY?

Dada wa Sinza:
Wakuu, habari za jioni. Nafungua steshenari hapa Sinza, karibu na shule ya msingi. Nitauza madaftari, kalamu na rimu za karatasi, na nitatoa kopi na kufanya laminesheni. Fremu nimeshalipia, mashine ya kopi imeshafika. Limebaki bango. Fundi kanitumia mchoro umeandikwa STATIONARY. Nikamuuliza mbona pengine naona STATIONERY, akasema yote sawa, tembea Mwenge mpaka Kijitonyama utayakuta yote mawili. Nimetembea, kweli yapo yote. Ni mambo ya Uingereza na Marekani, kama colour na color? Kesho asubuhi anaanza kupaka.

Mwalimu wa Temeke:
Binti yangu, mpigie usiku huu huu. Duka lako ni STATIONERY, yenye E. Uingereza na Marekani hawatofautiani hapo. Haya ni maneno mawili, kila moja na maana yake, ila yanatamkwa karibu sawa.

STATIONARY ni kitu kilichosimama, hakisogei. Daladala iliyotulia pale Makumbusho ikisubiri abiria ni stationary. STATIONERY ni karatasi, bahasha, kalamu, vifaa vya kuandikia.

Wengi huwakaririsha wanafunzi kwamba E ni ya envelope. Si vibaya, lakini mimi napenda mtoto ajue herufi imetoka wapi, maana akijua hasahau. Maneno yote mawili yana asili moja ya Kilatini, statio, yaani kusimama au mahali pa kusimama. Ulaya ya zamani wafanyabiashara wengi walizunguka na bidhaa kama machinga wetu. Muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu, mara nyingi karibu na chuo kikuu, ndiye aliyeitwa stationer: mwenye fremu, tungesema sisi. Wa London walikuwa na chama chao tangu 1403, na mwaka 1557 kikapata hati ya kifalme. Basi baker ana bakery, grocer ana grocery, na stationer ana stationery. Hiyo ER ni ya mwenye duka. Ni wewe, binti yangu.

Karani wa bima, Posta:
Mwalimu kamaliza. Kazini kwetu hilo la A tunakutana nalo kila siku kwenye fomu za ajali: "stationary vehicle", gari lilikuwa limesimama likagongwa. Mteja akiandika kwa E tunamwelewa, ila kwenye bango la duka la kalamu mzazi anayejua atashtuka.

Fundi mabango, Kariakoo:
Dada, bei isikutishe, herufi ni kumi kwa kumi. Kama ni stika, hata ikishabandikwa tunabandua A tu tunaweka E. Rangi ya mkono ndiyo kazi, inabidi urudie na rangi ya chini, la sivyo kiraka kitaonekana. Mtumie maneno kwa meseji, umeyaandika mwenyewe herufi kwa herufi, usimsomee kwenye simu. Akupe sampo, uikubali ndipo aguse brashi. Na jina lifanane na la kwenye cheti chako cha BRELA, wale wanaosajili majina ya biashara.

Dada wa Sinza:
Shikamoo mwalimu, na asanteni wote. Nimempigia, amekubali kubadilisha. Ila sasa anasema kwa kuwa vitu ni vingi aandike STATIONERIES. Nimwambieje?

Mwalimu wa Temeke:
Marahaba. Mwambie hapana. Hata ukijaza kontena zima, Kiingereza kinasema stationery, haiongezwi S. Akitaka kuonyesha wingi, chini yake aandike kwa Kiswahili: madaftari, kalamu, kopi, laminesheni. Wateja wako ni wanafunzi na wazazi wa Sinza, hayo ndiyo watakayoyasoma kwanza.