Naomba ushauri: kikundi cha kupeana moyo kinataka kugeuka kikoba

Wakuu, habari za jioni. Nina genge Mikindani, Mtwara: nazi, nyanya, samaki wakavu. Tangu mwezi wa tatu tunakutana wafanyabiashara wadogo tisa kila Jumatatu, kusemezana tu, maana kuhangaika peke yako kunachosha akili. Siku moja mama wa vitumbua alitusomea hesabu zake, tukakuta mkaa hajawahi kuuhesabu. Kumbe alikuwa anakula mtaji! Hapo ndipo nilipoona faida ya kukutana.

Sasa wenzangu wanne wanataka tuwe kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, tusajiliwe, tuombe mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Ule ni wa wanawake, vijana na wenye ulemavu. Mimi mzee wa miaka 52 simo. Lakini hofu yangu kubwa ni kwamba pesa ikiingia, nani atathubutu kusema amepata hasara? Tena msimu wa korosho wengine hupotea kabisa. Nilijaribu faini ya shilingi 500 kwa watoro. Wawili waliotozwa hawakurudi tena.

Naomba kujua: kuna waliofanikiwa kutenganisha kikoba na mazungumzo, kwa watu walewale? Na msimu wa korosho mnasimamisha vikao, au mnaendelea na waliobaki?