Anataka picha ya kadi ya mteja wangu, hana karatasi. Nifanye nini?

DadaWaKabini (Lubumbashi, Kongo, komine iitwayo Kenya)
Jamboni wote. Naomba mnisaidie kabla ya Ijumaa.

Nina kabini karibu na soko la Kenya. Nauza yuniti, natuma makuta (pesa) kwa simu, nasajili kadi sim. Mnajua kazi yenyewe: mteja analeta kadi ya mpiga kura, naipiga picha mbele na nyuma, naingiza kwenye programu ya kampuni, namba inafunguka. Picha zinabaki kwenye simu yangu, mwaka wa 3 sasa. Siku mtandao ukiwa mbaya naandika kwenye daftari: jina, namba, avenue anakokaa, mpaka majina ya baba na mama yaliyo kwenye kadi.

Jumatatu alikuja mwanaume aliyevaa kiraia. Alinionyesha kitambulisho, akakirudisha mfukoni kabla sijakisoma. Akasema ni mtu wa usalama, anataka picha ya kadi na namba zote za kijana mmoja anayesoma Kasapa, pale chuo kikuu. Kijana huyo nilimsajili mimi. Ninachojua juu yake ni kwamba anaandika sana kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu umeme na barabara za mtaa wetu. Simu ya kazi nilikuwa nimeiacha nyumbani inachajiwa, nikamwambia hivyo. Akajibu atarudi Ijumaa, na nikumbuke kwamba kabini inaweza kufungwa.

Nina watoto 3, sitaki matata na watu wa leta (serikali). Lakini yule kijana alinipa kadi ili apate namba, hakunipa ili nimkabidhi mtu mwingine. Usingizi umenipotea.

PapaKamalondo
Mwanangu, mimi nimekula chumvi nyingi. Mpe aende zake. Baada ya uchaguzi wa 2018, kuanzia Desemba 31, walizima intaneti nchi nzima karibu siku 20, hakuna aliyetuuliza. Mwenye nguvu hizo atashindwa na daftari lako? Fikiria watoto.

AvokaMdogo
Papa, kwa heshima yako, hapana.

Dada, soma katiba ya Februari 18, 2006, kifungu cha 31: kila mtu ana haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi na siri ya mawasiliano yake, na haki hiyo haiguswi ila pale sheria inaporuhusu. Sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya Novemba 25, 2020 inailinda siri hiyo, na Sheria ya Dijitali ya Machi 13, 2023 inahusu pia data za watu. Sikufichi, zote zinaacha mlango kwa upelelezi na usalama wa nchi. Ila mlango huo hufunguliwa kwa karatasi: rekizisiyo, yaani barua rasmi ya kudai data, yenye jina la ofisi, namba ya faili, saini na muhuri. Akiwa nayo, kampuni ndiyo yenye rejista, aende huko.

Ijumaa mwambie kwa upole: "Papa, data hizi ni za kampuni, sina ruhusa ya kuzitoa. Nipe rekizisiyo, niipeleke kwao." Usimwambie huna picha. Uongo utakugeuka. Na kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutii amri ambayo ni wazi inavunja sheria.

YayaWaRuashi
Futa zote usiku huu! Choma na daftari! Nami niliwahi kusajili sim. Tulikuwa tunatuma picha za kadi za watu kwenye kundi la mawakala, kila mmoja anaziona. Mama mmoja mteja wangu alikuja kuitwa polisi kwa wizi uliofanywa na namba asiyoijua, imesajiliwa kwa kadi yake. Mpaka leo nikikutana naye sokoni natazama chini. Picha zile hazikupaswa kukaa mikononi mwetu hata siku moja.

AvokaMdogo
Za zamani, ndiyo, futa, pamoja na nakala za mtandaoni. Ya kijana huyo usiiguse sasa, maana imeshaombwa. Rekizisiyo ikija kweli, utaambiwa umeharibu ushahidi. Daftari pia liweke mbali na kabini, usilichome.

FundiSimu_Kampemba
Ijumaa usiende na simu ya kazi. Akiishika ikiwa wazi hataishia kwa mteja mmoja. Weka namba ya siri ndefu, ondoa kufungua kwa kidole. Na uwe na mtu pembeni anayesikia.

Mwaka 2020, tulipokatwa yuniti kwa ajili ya RAM, ile rejista ya serikali ya simu zote, watu walilia makuta yao. Mimi nililia ile orodha, kila simu na IMEI yake (namba ya utambulisho wa simu). Makato yalisimamishwa 2022. Orodha iliishia wapi, bado najiuliza.

DadaWaKabini
Asanteni sana. Na kijana mwenyewe, nimwambie?

PapaKamalondo
Nimesoma yote. Bado nakuogopea, mwanangu. Lakini angekuwa mtoto wangu, ningetaka uniambie.

DadaWaKabini (Ijumaa jioni)
Alikuja saa nane mchana. Jirani anayeuza vitenge alisimama karibu nami. Nilisema maneno ya Avoka kama yalivyo. Akauliza nani kanifundisha, nikanyamaza. Akaandika jina langu na mahali pa kabini, akaondoka. Karatasi hakutoa. Mikono ilinitetemeka mpaka nafunga.

Kijana nilimwambia jana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama na mama yake yumo kwenye daftari. Yumo.

Jumatatu nataka kwenda kwenye ofisi ya mashauri ya bure ya mawakili, lakini naogopa kwenda peke yangu.

AvokaMdogo
Nenda. Waeleze tarehe, saa, na maneno yake ya kufunga kabini. Yaandike leo kabla hujayasahau.

YayaWaRuashi
Saa mbili asubuhi nitakuwa mbele ya kabini yako. Tutapanda teksi pamoja.