Mjadala: Tangi lenye kina kifupi hapa Mwanza, tuweke samaki wa bahari au furu wetu?

Mtunza Tangi, Nyegezi
Wakuu, hoja ni hii. Tangi la maonyesho likiwekwa mahali pa umma jijini, shuleni au ukumbini, liwe la chumvi lenye samaki wa baharini, au la maji ya ziwa lenye samaki wa hapa, yaani furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria?

Mimi nasimama upande wa chumvi, kwa sharti moja: samaki wachaguliwe kwa umbo la tangi, si kwa rangi zao. Chukua tangi la sentimita 120 kwa 60, kimo 30. Ukilijaza hadi sentimita 27 ni lita 194. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga, maji ni kama lita 170. Wengi huona kina kifupi ni kasoro. Kwa upande wa hewa ni faida, maana oksijeni huingilia kwenye uso wa maji na uso huo ni mpana. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Maji ya chumvi ya nyuzi 27 ambayo kule Tanga hubeba miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa lita, hapa hayafiki 6. Tangi refu jembamba lingetuumiza zaidi.

Kinachokosekana ni nafasi ya kupanda na kushuka. Kwa hiyo tafuta samaki wa sakafuni na wa kwenye mawe: klauni wawili, gobi mmoja pamoja na yule kamba anayechimba naye shimo moja, na blenni mmoja. Basi, wanatosha. Kangaja hapana, anaogelea masafa na sentimita 120 kwake ni kifungo. Kitatange wengi hula matumbawe hai, na watakonda mbele ya chakula cha pakiti hadi wafe. Bunju atawatafuna wenzake.

Mpwani, Tanga
Nakuunga mkono, ila klauni wa kutoka wapi? Bahari yetu ina wa kwake, *Amphiprion allardi*. Kwa nini kuagiza samaki wa nje wakati wapiga mbizi wa hapa wangepata riziki? Na yule mweusi mwenye madoa matatu meupe ni mgumu kufa, kwa nini umemwacha?

Mtunza Tangi, Nyegezi
Mkuu, *allardi* hufika sentimita 14 hivi, tena wa porini hutaka anemoni yake, kiumbe wa baharini anayejificha ndani yake, na hulinda eneo kwa ukali. Klauni wa aina ya *ocellaris* aliyezalishwa tangini kwa kawaida hazidi 11, amekula chakula kikavu tangu mdogo na anaishi vizuri bila anemoni. Nunua wawili wadogo wasiolingana. Mkubwa atageuka jike, mdogo atabaki dume. Usiongeze wa tatu, watampiga mpaka wamuue. Huyo wa madoa matatu hupendeza akiwa na sentimita 3. Akifika 12 anajimilikisha tangi zima, na kumkamata ni lazima ubomoe mawe yote.

Fundi Vioo, Pasiansi
Mnaongea samaki, mfuniko hamjautaja. Gobi na blenni huruka, na kwenye tangi la kimo cha 30 ukingo uko karibu. Usifunike kwa kioo, utazuia hewa ambayo mkuu hapo juu ameisifia. Tengeneza fremu ya alumini yenye wavu wa matundu ya milimita 6.

Mawe yapangwe moja kwa moja juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga laini wa sentimita 4 au 5. Ukitanguliza mchanga, kamba atachimba chini ya jiwe, jiwe litalala, na kioo kitapasuka au gobi atabanwa.

Halafu uso mpana huo huo unakausha maji. Penye feni unapoteza lita 3 hadi 4 kwa siku, na chumvi haiondoki na mvuke. Siku tatu bila kuongeza maji, chumvi imetoka sehemu 35 kwa elfu hadi karibu 38. Kinachoongezwa kila siku ni maji baridi yaliyochujwa, yasiyo na chumvi. Makosa ninayokutana nayo sana ni mtu kujazia maji ya chumvi.

Mwalimu, Ilemela
Niongeze kuhusu chumvi yenyewe. Chumvi ya jikoni, iwe ya Uvinza au ya pwani, haifai, kwa sababu karibu yote ni kloridi ya sodiamu. Magnesiamu, kalsiamu na potasiamu za bahari hazimo kwa uwiano wake. Inatakiwa chumvi maalumu ya matangi, gramu 36 hivi kwa lita. Lita 170 ni kilo 6 na kidogo, na kubadilisha lita 20 kila wiki ni gramu 720. Maji ya bomba yana klorini, yaondolewe klorini kwanza. Tangi liendeshwe wiki 4 hadi 6 kabla ya samaki, mpaka amonia na naitraiti, sumu zitokanazo na uozo, zisome sifuri.

Na safari ya kutoka Dar inaua hata pale samaki anapofika hai. Ndani ya mfuko uliofungwa hewa chafu ya samaki hushusha pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi), na amonia inabaki katika hali isiyo kali. Ukifungua mfuko, hewa hiyo inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka sumu ndani ya dakika chache. Kudondosha maji ya tangi mfukoni kwa saa mbili, kama wengi wanavyoshauri, hapo ni kumchemsha kwenye sumu. Muombe muuzaji kiwango chake cha chumvi mapema, andaa ndoo ya karantini yenye kiwango hicho hicho, elesha mfuko ukiwa umefungwa dakika 20 ili joto lilingane, kisha fungua na umhamishe kwa wavu mara moja.

Mwana wa Ukerewe
Nimewasoma wote, na kila hatua mliyoeleza inanipa nguvu ya kupinga. Kilo za chumvi, mifuko ya oksijeni, hita, wavu, ili mtoto wa Mwanza amwone samaki wa Indonesia! Wakati kwenye mawe ya ghuba hii hii kuna furu aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, *Pundamilia nyererei*, dume lake jekundu na manjano lisilozidi kiganja. Ziwa hili lilikuwa na aina za furu karibu 500, na nyingi zilipotea miaka ya 1980 baada ya sangara kuongezeka. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawatunza. Sisi tuko kando ya maji na mtoto wetu anajua sato, dagaa na sangara tu.

Tangi hilo hilo la kimo cha 30 linamfaa. Dume mmoja na majike matano, mawe mengi ya kujificha, maji ya bomba yaliyotolewa klorini. Maji yakipungua kidogo hakuna madhara makubwa.

Mpwani, Tanga
Mnatukataza kutoa baharini, nanyi mnatoa ziwani. Tofauti iko wapi?

Mwana wa Ukerewe
Ndugu yangu, furu jike hulea mayai mdomoni wiki mbili hadi tatu, na vifaranga wanatoka wakubwa wa kutosha kula chakula kilichosagwa. Ukitoa kundi moja, kwa kibali cha ofisi ya uvuvi, unaweza kuzalisha vizazi bila kurudi ziwani. Sharti langu ni moja, usichanganye furu wa visiwa tofauti. Majike yanafanana, na dume la aina jirani litayapanda. Ziwani kwenyewe, pale maji yalipochafuka na rangi hazionekani vizuri, aina zimechanganyikana.

Fundi Vioo, Pasiansi
Kuna hofu nyingine, kwamba samaki wa mapambo wakitupwa ziwani yatarudi ya sangara, aliyeletwa ziwani kutoka nje. Je?

Mwalimu, Ilemela
Klauni akitupwa ziwani anakufa upesi, maji baridi hayawezi. Wa kuogopwa ni wa mapambo wa maji baridi kutoka mabara mengine, wanaouzwa kwenye mifuko bila maelezo. Hoja ya sangara haiangushi tangi la chumvi.

Linaloliangusha, kwa shule, ni likizo. Shule ikifungwa wiki nne na hakuna wa kuongeza lita 4 kila asubuhi, lita 170 hizo haziwezi kuhimili.

Mtunza Tangi, Nyegezi
Kwa shule nimekubali, tuweke furu. Kwa ukumbi wenye mhudumu kila siku sijabadilika: klauni wawili wa kuzalishwa, gobi na kamba wake, blenni. Gobi na blenni waingie kwanza, klauni mwisho baada ya wiki tatu, maana wakitangulia watayakalia mawe yote. Na pampu ya hewa ya betri iwe pembeni, ijiwashe yenyewe umeme ukikatika.

Mwana wa Ukerewe
Basi ukumbi huo uweke matangi mawili, la furu likae mlangoni.