Tupeane uzoefu: Kijito ulichochota maji utotoni leo kiko wapi, na mkono wako ulikuwemo?

Mnyalu wa Mafinga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimetoka likizo kijijini, Mufindi, na kuna jambo limenikwama kooni. Bondeni nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na chemchemi. Siyo kubwa, ndoo ilijaa taratibu unapiga soga, lakini haikuwahi kukauka hata mwezi wa kumi. Maji yake yalishuka kwenye kijito, kijito kikaingia mto Ndembera. Safari hii nimekuta watoto wa kaka wanasukuma toroli la madumu kwenda kuchota ng'ambo ya kilima. Kwenye chemchemi kafungwa mbuzi, kajilalia pakavu palepale tulipokuwa tunakatazwa kusogea tusije tukazama.

Najua kawaida ya humu: tutasema serikali, tutasema wafugaji, tutasema mabadiliko ya tabianchi, kisha tutalala. Leo naomba sharti moja. Ukisimulia mto wa kwenu, simulia na wewe ulifanya nini.

Naanza mwenyewe. Pale palikuwa na mivengi, ile miti ya matunda kama zambarau ndogo, tukila ulimi unabadilika rangi. Nilipokuwa darasa la sita mzee aliniita na panga, tukaifyeka yote. Sehemu ya juu tukapanda milingoti, ile mikaratusi inayonywa maji sana, sehemu ya chini mama akachimba mifereji akaweka vinyungu: mahindi ya kiangazi, njegere, viazi. Wasioijua Iringa, kinyungu ni bustani ya bondeni, unatoa maji kwenye tope ili upande wakati wenzako wa mlimani wana vumbi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye vile vinyungu. Milingoti ilipokomaa tuliiuza nguzo, tukaezeka bati. Kwa hiyo siwezi kumlaani mzee. Lakini miche ile niliishika kwa mikono yangu, mmoja mmoja, na mingine niliipanda hatua tano kutoka kwenye jicho la maji.

Karibuni.

Mtoto wa Kigogo

Mimi mto wangu ni Msimbazi, mkuu, kwa hiyo hakuna utoto wa kuchota maji hapo, ha ha. Sisi tulichota mchanga. Ila nikubali sharti lako: mvua ikianza kunyesha Kigogo, kila nyumba inatoa mifuko ya taka iende na maji. Nimefanya hivyo miaka mingi, tena mbio, kabla jirani hajamaliza za kwake. Desemba 2011 mafuriko yalipokuja, kitu cha kwanza kuingia sebuleni kwetu kilikuwa mfuko wa taka. Sijui ulikuwa wa nani. Ulifungwa kwa fundo analofunga mama yangu.

Dereva wa Mbugani

Mnyalu, umetaja Ndembera, nimeshtuka. Hayo maji ya bondeni kwenu nilikuwa nayangoja mimi huku chini, mto Ruaha.

Nimeendesha gari la watalii hifadhi ya Ruaha kwa miaka mingi. Wazee wa kazi walionifundisha walikuwa wanasema mto Ruaha Mkuu ulitiririka mwaka mzima, kiangazi na masika, mpaka 1993. Kuanzia hapo, kila kiangazi unakata. Kuna miaka unakata wiki chache, kuna miaka miezi. Mgeni anakuuliza mto uko wapi, na gari limesimama juu ya mchanga wake.

Niwape picha moja. Viboko wanabanana kwenye dimbwi lililobaki, maji yamekuwa uji wa kijani, wamegeuzana migongo kwa hasira. Pembeni tembo anachimba mchanga kwa mguu, anaingiza mkonga, anasubiri maji yajae shimoni, anakunywa. Akimaliza ndipo nyani na swala wanakuja kwenye shimo lake. Mgeni anafurahi, anapiga picha. Mimi nilikuwa naichukia siku hiyo, ila nilikuwa nawapeleka kwa makusudi, kwa sababu hapo bahashishi inakuwa nzuri. Huo ndio mkono wangu, kama unahesabika.

Serikali ilitoa ahadi mwaka 2001 kwamba hadi 2010 mto urudi kutiririka mwaka mzima. 2010 nilikuwa kazini. Mwezi wa kumi na moja nilivuka mto kwa viatu.

Jaruba

Shikamooni wakubwa. Nimesoma nikasema ninyamaze, maana kati ya Mnyalu na Dereva nipo mimi.

Mbarali. Mpunga. Nimezaliwa majarubani, na kila mtu humu akila ubwabwa wa Mbeya anakula jasho letu. Sasa ukweli wa huku ni huu. Masika maji ni mengi, hakuna ugomvi. Tatizo ni kiangazi. Mpunga umeshavunwa, maji tunayoyahitaji ni ya kunywa na bustani kidogo, lakini banio, lile lango la kuingiza maji ya mto mferejini, haliteremshwi. Maji yanaendelea kuingia mferejini, yanatapakaa kwenye majaruba matupu, yanakaukia juani. Kwa nini? Kwa sababu anayeatika mapema anavuna mapema, na anayevuna mapema anauza wakati bei iko juu. Udongo ukikauka kabisa, kuulowanisha upya ni kazi. Kwa hiyo kila mtu anataka jaruba lake lisikauke.

Tulikuwa na zamu za maji, zimeandikwa ubaoni. Mimi na shemeji yangu tulikuwa tunaamka saa nane usiku, tunainua lango kwa nondo, tunarudi kulala. Asubuhi tunakuwa wa kwanza kulalamika kikaoni kwamba kuna watu wanaiba maji. Misimu mitatu tulifanya hivyo. Niliyemwibia sikumjua, nilidhani ni mwenye jaruba la chini yangu, nikajisemea na yeye ataiba kwa aliye chini yake. Sikuwahi kufikiria kwamba mwisho wa foleni kuna kiboko.

Bi Mkubwa wa Ubungo

Mwisho wa foleni siyo kiboko mwanangu, ni mimi. Ruaha inaingia Mtera, kisha Kidatu, ndiyo mabwawa tuliyotegemea umeme. Mgawo wa 2006 uliniozeshea friza mbili za samaki. Nilimlaani kila mtu mwenye koti. Kumbe nondo yenu!

Natania. Ila na mie niseme langu, nimepika mkaa maisha yangu yote. Mama ntilie gani asiyepika mkaa? Gunia lile la kilemba linatoka Kilosa, linatoka Handeni, mimi naangalia tu kama ni mkaa mzito au wa chengachenga. Sikuwahi kuuliza mti. Mwaka juzi nimenunua jiko la gesi, chapati na chai gesini, maharage bado mkaani. Maharage kwa gesi unafilisika, anayebisha aje anijazie mtungi.

Nyundo ya Kale

Mnyalu kauza nguzo kwa watu wa umeme, mlingoti umenywa maji, bwawa limekosa maji, nguzo imesimama haina umeme. Nchi hii bwana.

Ng'wana Ngitili

Ngojeni na mie, maana mmesema tusitaje wafugaji bila kujitaja. Mimi ni mfugaji. Habari yangu ni ndefu kidogo.

Babu yangu alikuwa Shinyanga. Zamani kule kila mzee mwenye ng'ombe alikuwa na ngitili, eneo la nyasi na miti linalofungwa masika, halikanyagwi, linafunguliwa kiangazi kikikaza. Mwenye kuingiza ng'ombe kwa wizi analipa faini, na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikikukalia vibaya hakuna atakayekuja kwenye msiba wako. Kisha mambo yakaharibika. Misitu ilifyekwa tangu wakati wa mkoloni ili kuondoa mbung'o na kulima pamba, baadaye vijiji vya ujamaa vikawatoa watu kwenye maeneo yao, ngitili zikabaki hazina mwenyewe. Miaka ya themanini ukisimama Shinyanga unaona kijiji cha tatu kwa macho, hakuna mti wa kukuzuia.

Baba mdogo akasema hapa ng'ombe watakufa. Akaswaga kundi hadi Usangu, bonde hilohilo la Mbarali. Alikuta Ihefu, tindiga linalolisha mto Ruaha, majani mpaka kifuani, maji kiangazi kizima. Akatuma salamu: njooni, huku ndiko peponi. Tukaenda, na wengine wakaja, na mimi nikiwa kijana niliingiza ng'ombe ndani ya tindiga lile mpaka ukingo wa maji, kila siku, mamia kwa mamia. Nilikuwa naona nyayo zikikauka na kuwa ngumu kama tofali. Niliona. Sikumwambia mtu.

2006 kuingia 2007 tukaondolewa. Wengine wakapelekwa Lindi, njiani ng'ombe wakafa, baba mdogo hakuwa mtu yule tena. Usangu ikaingizwa kwenye hifadhi mwaka 2008. Dereva, niambie wewe uliyekuwepo: tulipoondoka, mto ulirudi? Nauliza kwa uchungu lakini siyo kwa ubishi. Tulikuwa na kosa, ila kosa lote tulibebeshwa sisi, na yule wa nondo alibaki na lango lake.

Mimi nilirudi Shinyanga. Huko nikakuta jambo ambalo sikulitegemea. Kuanzia 1986 kulikuwa na mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichofanya kazi zaidi siyo miche ya kuletwa na gari. Wazee walirudisha ngitili. Unafunga eneo, unaliacha, visiki vilivyoko ardhini vinachipua vyenyewe. Ya babu yangu ni ekari saba. Ina migunga, ina nyasi, mama anachuma dawa humo. Nimeifunga mimi, na mwaka jana ndugu yangu wa damu aliingiza ng'ombe wake usiku nikamtoza faini. Hatusalimiani mpaka leo.

Dereva wa Mbugani

Ng'wana, sitakudanganya. Haukurudi. Mvua ikiwa nzuri unachelewa kukata, ikiwa mbaya unawahi. Pole kwa baba mdogo.

Jaruba

Ng'wana Ngitili, yule wa nondo nimekusikia. Siwezi kukuomba radhi kwa maandishi ikatosha.

Siku hizi niko kwenye kamati ya maji ya skimu yetu. Mwezi wa tano tulikubaliana banio lishushwe baada ya mavuno, libaki tundu la maji ya kunywa tu. Nimefunga kufuli mwenyewe. Wiki ya pili kufuli likavunjwa. Namjua aliyelivunja, ni shemeji. Nimenunua jingine.

Mtoto wa Kigogo

Mnyalu, turudi kwako. Ile chemchemi imeshakufa kabisa? Sheria si inasema chanzo cha maji kiachwe mita 60 bila shughuli?

Mnyalu wa Mafinga

Mita 60 ipo tangu sheria ya 2004, bango liko njiani kuingia kijijini, na nyuma ya bango kuna kinyungu cha mwenyekiti.

Nimekata milingoti ya upande wetu, yote iliyo karibu na jicho la maji. Kaka alikasirika, alikuwa ameshaihesabia bei. Shida ya mlingoti ni kwamba kuukata siyo kuumaliza, kisiki kimoja kinatoa machipukizi manne. Nimemwachia mtoto wa kaka kazi ya kuyavunja kila Jumamosi, namtumia vocha. Juzi kanipigia. Anasema maji hayajatoka, ila ukikanyaga pale katikati na ukainua mguu, alama ya kiatu inajaa maji taratibu. Mbuzi kahamishwa.

Jaruba

Mkuu, hiyo mivengi, mbegu mnapata wapi? Tuna ukingo wa mfereji mkuu uko wazi, nataka nijaribu.

Mnyalu wa Mafinga

Unaokota matunda yakianguka. Usizikaushe kama mahindi, zinakufa. Ukiokota leo, atika leo. Kuna bonde la jirani bado ina mivengi minne mikubwa, matunda yakiiva nitakupakilia debe kwenye basi la Mbeya. Nitumie namba faragha.